Mikono Iliyolala Depo

Gari la ng'ombe lilirudi depo ya Chang'ombe saa tatu asubuhi, kama kila siku, limebeba ndoo tupu zilizopinduliwa. Albano aliwafungua ng'ombe nira, akawapeleka kwenye hori la maji. Mmoja aliitwa Sajini kwa sababu ya mwendo wake. Mwingine hakuwa na jina. Juu ya hori palikuwa na bomba lenye kufuli. Bwana Audax, msimamizi wa depo, alitoka ofisini na ufunguo, akafungua, akaacha maji yatiririke mpaka hori likajaa, akafunga tena. Ng'ombe walikunywa. Matopasi walisimama kando wakiwatazama.

Maji ya bomba lile yalikuwa ya ng'ombe. Zamani matopasi walinawa horini wakitoka kumwaga ndoo za vyoo, lakini mwaka mmoja ng'ombe alikufa kwa kuharisha, na waliochunguza wakaona kwamba sababu ni mikono iliyochovywa majini. Amri ikatoka kwamba mtu asiguse maji ya ng'ombe. Amri ilikuwa ya haki, kwa kuwa tangu hapo hakuna ng'ombe aliyeharisha. Hakuna aliyelisukuma swali mbele kidogo akauliza, kama mikono hiyo iliweza kumuua ng'ombe, ilipofika nyumbani ilifanya nini.

Watu walipewa debe moja la maji kwa kundi zima. Wa kwanza alinawa, wa katikati alichovya, wa mwisho alilowesha. Sabuni ilikuwapo kabla ya vita. Vita vilipoanza ilisimamishwa kwa muda, na vita vilipokwisha kila mtu alikuwa na mambo mengi ya kukumbuka. Basi walisugua kwa mchanga na majani ya mwarobaini, wakaenda zao. Albano alikuwa wa mwisho kuajiriwa, kwa hiyo alikuwa wa mwisho kwenye debe.

Aliishi Temeke, katika chumba kimoja cha nyumba ya makuti ya Bi Mwanaasha, pamoja na mkewe Yustina. Walitoka Newala. Huko Albano alikuwa mchongaji, na mikono yake ilijulikana vijiji vitatu. Mjini hakuna aliyetaka sanamu. Walitaka mtu wa kubeba ndoo.

Kila aliporudi, Yustina alimsubiri mlangoni na kata ya maji. Alimmiminia mara mbili, akampa majivu asugue, akammiminia tena. Walifanya walivyoweza. Lakini mtoto wao wa kwanza, Margareta, alikufa masika moja kwa tumbo la kuhara, kabla hajajua kutembea. Albano alikuwa amemchongea kijiko kidogo cha mpingo. Hata hivyo alipenda kumlisha kwa mkono, tonge dogo la ugali lililochovywa kwenye mchuzi, kwa kuwa ndivyo baba yake alivyomlisha yeye. Muuguzi wa zahanati alimuuliza Yustina mumewe anafanya kazi gani. Yustina alimwambia. Muuguzi akaenda kunawa.

Yustina hakumlaumu mumewe. Alikitundika tu kile kijiko kwenye msumari wa juu, na tangu siku hiyo akawa anampakulia Albano sahani yake peke yake.

Siku aliyozaliwa mtoto wa pili, Albano alikuwa kwenye debe. Chausiku, jirani yao muuza vitumbua, alikuja mpaka lango la depo, akasimama ameziba pua kwa upindo wa kanga.

"Baba Margareta!" aliita. "Mwanamume!"

"Mzima?"

"Mzima! Ana sauti ya mwadhini, sijui Wakristo nyie mtamfanya nini!"

Matopasi walicheka, wakampongeza. Albano aliingiza mikono kwenye debe. Maji yalikuwa yamekwisha kuwa na rangi ya chai. Alisugua kwa nguvu kuliko siku zote, akiwaza mtoto, na mkono wa kulia ukatoka.

Ulitoka kwenye kifundo taratibu, kama papai lililoiva linavyoachia mti. Hapakuwa na damu. Pale ulipotoka ngozi ilikuwa imejifunga laini. Kiganja kilielea juu ya maji, kikageuka, kikatulia.

"Umeangusha," alisema Gregori, mwenzake wa gari.

"Naona."

"Na huo mwingine?"

Albano aliubana wa kushoto kwa magoti, akavuta. Nao ukatoka.

Bwana Audax aliitwa. Alikuwa mtu wa Bukoba, mpole, aliyevaa koti hata wakati wa joto. Aliitazama mikono ndani ya debe, akauliza kama Albano ataweza kufanya kazi kesho. Albano alisema anadhani itarudi. "Basi iwekeni mahali pakavu," alisema Bwana Audax, na Gregori akaiweka kwenye rafu karibu na mifagio.

Albano alitembea mpaka Temeke akijisikia mwepesi. Yustina alikuwa amelala ubavu na mtoto kifuani. Alimtazama mumewe usoni, kisha akatazama pale palipokuwa na mikono.

"Umeiacha wapi?"

"Depo."

Yustina alifikiri. "Ni vizuri," alisema.

Jioni hiyo chakula kilipakuliwa katika sahani moja, kwa mara ya kwanza tangu Margareta alipokufa. Yustina alikitoa kile kijiko kwenye msumari, akamlisha mumewe. Kilikuwa kidogo kwa mdomo wa mtu mzima, kwa hiyo walikula polepole. Mtoto walimwita Fransis.

Asubuhi Albano alisogeza vifundo vyake kwenye rafu, na mikono ikashika kama kawaida. Alifanya kazi. Saa ya kuondoka ikatoka tena. Baada ya siku chache wa Gregori nao ukatoka, kisha wa wengine, na haikupita muda matopasi wote wakawa wanaenda makwao bila mikono. Waliifunga nyuzi za rangi ili isichanganyike. Wa Albano ulikuwa uzi wa buluu. Siku moja Gregori alivaa mkono wa kushoto wa mwenzake kwa haraka, akashinda akijikuna mahali pasipowasha.

Mtaani habari zilipokewa vizuri. Chausiku alimwambia Yustina kisimani, mbele ya wanawake wote, "Shoga, una bahati ya mtende. Mume asiye na mikono hata akikasirika atakufanya nini?"

"Hata alipokuwa nayo hakunipiga," alisema Yustina.

"Basi umepata hasara."

Bi Mwanaasha, mwenye nyumba, ambaye miaka yote alimtolea Albano chakula cha sikukuu kwenye kifuu na kukiweka kizingitini, siku ya Idi alituma mtu kumwita barazani. "Siku hizi msafi," alisema. "Aje ale na wenzake."

Albano alivaa shati jeupe, akaenda. Wanaume walikuwa wamezunguka sinia la pilau. Birika lilipitishwa, kila mmoja akamiminiwa maji mikononi, na lilipofika kwa Albano mmiminaji alisita, akapita. Wakaanza kula. Albano alikaa. Kila mtu alidhani jirani yake atamlisha mgeni, na jirani alidhani vivyo hivyo. Pilau likaisha. Albano alishukuru, akamwombea mwenye nyumba heri, akarudi chumbani kwake. Yustina alimkorogea uji.

Kulikuwa na tatizo moja tu. Mikono haikukaa mahali ilipowekwa. Kila asubuhi ilikutwa chini ya bomba la ng'ombe, imelala kwenye mchanga, mingine imeng'ang'ania nguzo, na mmoja, wa kulia wenye uzi wa buluu, ulikutwa juu kabisa umeshika kufuli. Bwana Audax hakuwa mtu wa kugombeza mikono. Aliogopa tu kwamba mmoja utatumbukia horini na ng'ombe atapata madhara. Aliagiza sanduku la mbao lenye kifuniko na kufuli. Saa ya kuondoka mikono iliwekwa humo. Wale walioweka kwanza walisaidiwa na wenzao. Gregori, aliyekuwa mzito, alibaki wa mwisho, akainama juu ya sanduku na kuiachia yake idondoke. Bwana Audax alifunga. Kwa muda kidogo baada ya kufunga ilisikika ikikwaruza, kisha ikaacha.

Katika ukoo wa Albano, mtoto akifikisha siku arobaini hutolewa nje mikononi mwa baba yake. Baba humbeba, huvuka naye kizingiti, humwinua alione jua, humtajia babu zake. Mtoto hutakiwa ajue mikono hiyo kwanza kabla ya kitu kingine chochote cha dunia. Margareta alitolewa hivyo. Albano alikumbuka uzito wake, na alikumbuka kwamba asubuhi hiyo alikuwa ametoka kwenye debe.

Siku za Fransis zilipokaribia, alikwenda ofisini kwa Bwana Audax, akabisha kwa kiwiko.

"Shikamoo, bwana."

"Marahaba. Sema, Albano."

"Jumapili namtoa mtoto nje. Naomba niende na mikono."

"Mikono si yako?"

"Ni yangu. Lakini naomba kwanza inawe. Maji ya bomba, bwana, yanayotoka yenyewe, siyo ya debe. Na sabuni. Hata kipande kilichobaki."

Bwana Audax alitazama meza yake. Kwenye mtoto wa meza mlikuwa na kipande cha sabuni nyekundu ya dawa, kimefungwa karatasini. Alikinunua mwenyewe. Kila adhuhuri alifunga mlango, akanawa kwa birika, akala. Alifunga mlango kwa sababu ya haya, wala si kwa uchoyo.

"Bomba si langu," alisema. "Lakini nitakuombea."

Alikwenda mjini kwa baiskeli siku hiyo hiyo, jua kali, kumwona Bwana Afya. Bwana Afya alikuwa Mzungu mwenye subira, na alimsikiliza mpaka mwisho. Alifurahi kusikia kwamba matopasi wanaacha mikono kazini. Aliuliza kama ni wote, akaambiwa ni wote. Alisema kwa miaka mingi amekuwa akitafuta njia ya kuzuia maradhi yasitoke depo, na sasa yamezuilika bila gharama. Kama mikono haitoki, sabuni ni ya nini? Na kuiruhusu itoke, hata kwa siku moja, kungeharibu mpango mzuri. Alimwomba Bwana Audax awafikishie matopasi shukrani zake. Kisha akaenda kwenye karai jeupe lililokuwa pembeni mwa chumba, akanawa kwa sabuni mpya, akajipangusa kidole kimoja kimoja, kwa kuwa ilikuwa karibu saa ya kula.

Albano alikuwa akimsubiri langoni.

"Amekataa?"

"Hakukataa," alisema Bwana Audax. "Amesema hakuna haja."

Albano aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelezwa njia.

Gregori alikuwa na shauri lake. Jumamosi, walipokuwa wakiosha gari, alisema kwa sauti ya chini, "Bwana wee, leo usiivue. Ondoka nayo. Nani atakukagua? Nyumbani utainawa na majivu kama zamani."

"Margareta nilimtoa na mikono ya majivu."

Gregori aliendelea kusugua gurudumu. "Sikukusudia," alisema baadaye.

"Najua."

Mikono ilivuliwa, ikawekwa sandukuni. Bwana Audax alishusha kifuniko, akaipachika kufuli kwenye pete yake, lakini hakuibana. Alisimama hapo kitambo. Kisha aliingia ofisini, akakitoa kile kipande cha sabuni kwenye mtoto wa meza, akakitia mfukoni mwa koti, akaenda nyumbani. Kama alisahau kubana kufuli au alikusudia, hakumwambia mtu, na pengine mwenyewe hakujiuliza.

Jumapili magari ya ng'ombe hayakutoka. Asubuhi wanawake walijaa uani kwa Bi Mwanaasha. Yustina alimpaka mtoto mafuta, akamvisha kofia ya kufuma. Mama mmoja alisema mjomba angeweza kumtoa, lakini mjomba alikuwa Newala. Mwingine alisema mama mwenyewe anatosha. Albano alisema, "Hapana, nitamtoa mimi," na akasimama wima katikati ya chumba.

Yustina alimweka mtoto kifuani mwa mumewe, akamfunga kwa kanga mbili, moja ikipita begani na nyingine kiunoni, akavuta mafundo mpaka akaridhika. Albano alivuka kizingiti. Vigelegele vikapigwa. Alijaribu kumwinua mtoto alione jua, na kwa kuwa hakuwa na cha kumwinulia, aliinama nyuma yeye mwenyewe mpaka uso wa mtoto ukatazama juu. Alimtajia babu zake, mmoja mmoja, akiwa amepinda mgongo hivyo.

Fransis hakulia. Alitoa mkono wake mdogo nje ya kanga, akawa anapapasa kifuani mwa baba yake, akitafuta. Watoto wa umri ule hutafuta kidole. Alipapasa hapa na hapa, akakuta kifungo cha shati, akakishika kwa nguvu zote. Uzi ulikuwa mkuukuu. Kifungo kikakatika, kikabaki ngumini mwake.

"Loo!" alisema Chausiku. "Huyu atakuwa fundi cherehani."

Watu walicheka, na Albano pia. Yustina alikifumbua kile kiganja, akakitoa kifungo mtoto asije akakimeza, akakifunga kwenye pindo la kanga yake. Tangu saa hiyo wanawake waliacha kumwita Mama Margareta, wakamwita Mama Fransis.

Saa hiyo hiyo, Bwana Audax alikuwa ametoka kanisani, amepitia depo kuwanywesha ng'ombe. Alikuta sanduku liko wazi. Mikono yote ilikuwa ndani, imelala, isipokuwa ile ya uzi wa buluu.

Hiyo ilikuwa kwenye ukingo wa hori, chini ya bomba. Ilikuwa imekaa pamoja, viganja juu, vidole vimekunjika kidogo, ubavu kwa ubavu, kama mikono ya mtu anayepokea mtoto mchanga na kuambiwa angalia shingo. Bomba lilikuwa likivuja kidogo, jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelijali, tone moja, kisha baada ya kitambo jingine. Usiku kucha matone yalikuwa yakiangukia hapo. Viganja vilikuwa vimejaa maji. Ndani ya maji mistari yote ya viganja ilionekana, safi, na alama za zamani za patasi.

Bwana Audax alisimama na ufunguo mkononi. Alisikia uzito wa sabuni mfukoni. Temeke haikuwa mbali. Kwa baiskeli angefika kabla watu hawajatawanyika. Aliwaza kwamba angelazimika kufungua bomba. Aliwaza kwamba angeulizwa. Aliwaza pia kwamba huenda mtoto amekwisha kutolewa, na mtu hatolewi nje mara mbili.

Akiwa bado anawaza, Sajini alisogea. Alikuwa na kiu, na hori lilikuwa kavu. Aliinamisha kichwa akanywa maji yaliyokuwa viganjani, polepole, mpaka yakaisha, akailamba na mikono yenyewe. Mikono haikusogea wala kumwaga hata tone. Sajini alipomaliza, iliendelea kukaa vilevile, imefumbuka.

Bwana Audax alifungua bomba, akajaza hori, akafunga. Aliichukua mikono, akairudisha sandukuni, na safari hii alibana kufuli. Jioni aliirudisha sabuni kwenye mtoto wa meza.

Jumatatu Albano alifika mapema.

"Shikamoo, bwana. Ilisumbua?"

"Marahaba. Haikusumbua."

Albano aliivaa. Aligeuza viganja, akaona kwamba vimetakata na migongo haikutakata. Alivitazama kidogo. Kisha Gregori akamwita, kwa sababu gari lilikuwa tayari na ndoo za Chang'ombe zilikuwa zimejaa.

Sajini hakuharisha. Hilo halikuulizwa na mtu. Wiki iliyofuata alikuja fundi na spana na kuzuia bomba lisivuje, kwa kuwa ilikuwa imeonekana kwamba maji yanapotea.

Fransis alikua vizuri. Hakuugua tumbo, na Bwana Afya alipowaonyesha wageni depo aliwaambia kwamba watoto wa matopasi siku hizi hawafi kama zamani, jambo ambalo lilikuwa kweli. Mtoto alijifunza kutembea ameshika suruali ya baba yake. Alipojifunza kutumia kijiko cha mpingo, kwanza alijilisha mwenyewe, kisha akamlisha baba. Alipoulizwa mtaani mikono ya baba yake iko wapi, alijibu kama watoto wengine wanavyojibu baba yuko wapi. "Kazini," alisema.

Siku moja, debe lilipokwisha kuzunguka na maji yamekuwa ya rangi ya chai, Albano aliivua mikono, na Gregori akaichukua ili aiweke sandukuni na ya wenzake.

"Gregori."

"Naam."

"Iweke viganja juu."

Gregori aliigeuza, akaiweka hivyo. Kisha akainama juu ya sanduku na kuiachia yake. Bwana Audax alishusha kifuniko.